Majina ya Mackinnon Road: Barua ya wazi kwa Waziri wa Utamaduni na Turathi

Mheshimiwa Waziri,

Nakusalimu kwa heshima kutoka Changamwe, Mombasa. Mimi ni mwalimu mstaafu wa historia. Ninalo daftari moja la shule, lile la kurasa 96 lenye jedwali la kuzidisha nyuma ya jalada, na ndani yake mna majina 41 ya watu waliofungwa na serikali ya kikoloni katika kambi ya Mackinnon Road mwaka wa 1954, wakati wa vita vya Mau Mau. Daftari hilo liko ndani ya kabati langu la nguo, na kila ninapofungua kabati naona haya. Kabatini kwangu si mahali pake. Ndiyo maana nakuandikia, tena hadharani, ili na wengine wasome.

Naomba uvumilivu wako, kwa sababu nataka kuanza na wafungwa wengine kabisa.

Babu yangu mzaa mama alikuwa hamali wa gati pale Kilindini wakati wa vita vya Hitla. Mwaka wa 1941 majeshi ya Waingereza, na ndani yake vijana wetu wengi wa KAR, jeshi la kikoloni la Waafrika, yaliwashinda Waitaliano kote upande wa kaskazini. Mogadishu ilianguka mwezi wa Februari, Addis Ababa Aprili, na mwezi wa Mei yule mtawala wao mkuu, Amedeo, Duke wa Aosta, akasalimu amri katika mlima wa Amba Alagi. Gondar ilishikilia mpaka Novemba. Makumi ya maelfu ya wanajeshi wakawa mateka, na Kenya ndiyo ikawa gereza lao. Wengi waliletwa kwa meli mpaka Kilindini, wakapandishwa garimoshi kwenda bara.

Babu aliwaita Wataliani, kama wazee wote wa hapa. Alisema walikuwa wakishuka ngazi za meli polepole, ndevu zimewaota, kila mmoja amejitwika alichonacho: blanketi, sufuria, sanduku lililofungwa kamba. Alitarajia kuona majitu, akaona watu wenye njaa. Walikuwa wakirudia neno moja huku wakigusa midomo yao: pane, pane. Mkate. Babu alilishika neno hilo maisha yake yote. Nilipokuwa mtoto, nikimpelekea mkate wa mofa na chai ya jioni, hakusema asante. Alisema "pane", akacheka, akaukata mkate vipande viwili na kimoja akanipa mimi. Hicho ndicho kipande cha kwanza cha historia ya vita nilichowahi kupewa.

Kutoka Kilindini walitawanywa: Gilgil, Naivasha, Nyeri, Londiani, Eldoret, Nanyuki. Kambi ya Nanyuki, Kambi Nambari 354, ndiyo iliyopata sifa kuliko zote, na kisa chake ni kizuri mno nisikipite haraka. Ilikuwa chini ya Mlima Kenya. Asubuhi mawingu yakipasuka, mlima ulionekana pale juu ya seng'enge, na mateka mmoja aliyeitwa Felice Benuzzi, mtumishi wa serikali ya kikoloni ya Italia aliyekamatwa Ethiopia, akaamua kwamba ataupanda. Alijua hawezi kutoroka kabisa. Nchi isiyokuwa upande wowote wa vita ilikuwa mbali mno. Alichotaka ni kufanya jambo moja la hiari yake mwenyewe, kisha arudi kifungoni.

Akawapata wenzake wawili, Giovanni Balletto, ambaye alikuwa daktari, na Vincenzo Barsotti. Walijitengenezea shoka za barafu kutokana na nyundo. Vyuma vya kukanyagia barafu walivifua kwa mabati na vipande vya chuma vilivyookotwa. Kamba zao zilikuwa za katani, zile zile zilizosukiwa vitanda vya kambi. Ramani hawakuwa nayo, basi wakaitumia picha ya mlima iliyokuwa kwenye karatasi ya mkebe wa nyama. Ufunguo wa lango la bustani waliuchongesha kwa kuiga alama yake waliyoipata kwenye lami. Tarehe 24 Januari 1943 wakatoka. Kilele cha Batian kiliwashinda, lakini walifika Lenana, mita 4,985, wakaacha bendera yao pale. Siku ya kumi na nane walirudi wenyewe mpaka kambini, chakula kimewaishia. Adhabu ilikuwa siku 28 za kufungiwa, na mkuu wa kambi, Mwingereza, akawatoa baada ya siku 7 kwa kuuheshimu ushujaa wao.

Nimewafundisha watoto wengi kisa hicho, na kila mwaka waliuliza swali lile lile: kwa nini walirudi? Jibu langu lilikuwa moja. Walirudi kwa sababu walijua watakuta kambi yenye sheria. Walijua kuna orodha yenye majina yao, kwamba barua zitaendelea kufika kutoka Italia, kwamba kosa la kutoroka lina adhabu inayojulikana siku zake. Mkataba wa Geneva wa 1929 kuhusu mateka wa vita ulisema hivyo, na Uingereza iliufuata. Kifungu cha 76 cha mkataba huo kinataka mateka anayefia kifungoni azikwe kwa heshima, kaburi lake liwe na alama ya kumtambulisha, litunzwe. Naomba ukikumbuke kifungu hicho, Mheshimiwa, kwa sababu barua yangu yote imesimama juu yake.

Maisha ya mateka hayakuwa ya raha. Walikaa kifungoni miaka mitano au zaidi, kwani hata baada ya Italia kuweka silaha chini mwezi wa Septemba 1943 hawakurudishwa kwao upesi. Wengine waliondoka Kenya mwaka wa 1946 na wengine baadaye. Walifanya kazi. Barabara ile ya zamani inayoteremka Bonde la Ufa kuelekea Naivasha ni jasho lao, na pale chini, Mai Mahiu, kuna kikanisa walichokijenga mwaka wa 1942. Ni kidogo kama chumba cha kulala, na mpaka leo magari husimama pale. Walikufa pia, kwa malaria, kifua kikuu, ajali na huzuni. Duke mwenyewe alifia Nairobi tarehe 3 Machi 1942, akaomba azikwe pamoja na askari wake.

Kaburi lake liko Nyeri. Mimi nilifika huko mara moja tu, mwaka wa 2011, nilipokwenda harusi ya mtoto wa mwalimu mwenzangu. Asubuhi ya Jumapili mwenyeji wangu akanipeleka kwenye kanisa la ukumbusho la Waitaliano. Mheshimiwa, ukiingia humo ndani unaingia kaburini na hali umesimama wima. Kuta zimepangwa vijumba vya mawe kutoka chini mpaka juu, na kila kijumba kina mtu, na kila mtu ana jina. Mifupa yao ilikusanywa kutoka makaburi ya huku na huku nchini ikaletwa mahali pamoja. Ni wanajeshi 676. Nilisoma majina kwa sauti ya chini, mmoja mmoja, nikayatamka vibaya bila shaka, na sikuweza kuacha. Nilimaliza ukuta mmoja. Nikafikiria kwamba huenda mmoja wao ndiye aliyemwambia babu yangu "pane". Kila Novemba watu wa ubalozi wao huenda kuweka mashada.

Waliokufa pale walikuwa maadui wa serikali iliyowafunga. Walikuja Afrika na jeshi la Mussolini, jeshi lililoimwagia Ethiopia gesi ya sumu mwaka wa 1935 na 1936. Na bado wana majina ukutani. Nasema hivyo bila kinyongo, na sitaki kanisa lile lipunguziwe hata mshumaa mmoja. Ndivyo inavyopaswa kuwa. Lakini nilipotoka nje kwenye jua la Nyeri nilimkumbuka Fundi, na miguu ikaniishia nguvu, nikakaa kwenye ngazi.

Fundi alikuwa jirani yetu hapa Changamwe. Alishona viatu chini ya mwarobaini, na sisi sote, wakubwa kwa watoto, tulimwita Fundi tu. Alikuwa mtu wa Murang'a aliyezungumza Kiswahili cha Mombasa kama aliyezaliwa Kibokoni. Tangu utotoni niliona jambo moja kwake ambalo sikulielewa: misumari yake aliipanga juu ya ubao mitano mitano. Akinunua machungwa, atayapanga chini matano matano kabla ya kulipa. Hata wajukuu zake walipokuja likizo aliwaketisha hivyo kwa chakula. Nilikuwa tayari mwalimu nilipothubutu kumwuliza. Hakuinua macho kutoka kwenye kiatu. Alisema: "Tano tano, mwalimu. Ndivyo tulivyohesabiwa." Kisha akaweka nyundo chini, akachuchumaa, akapandisha mikono yote miwili juu ya kichwa, akakaa hivyo kwa muda. Alikuwa na umri wa zaidi ya miaka sabini. Nilimshika mkono nikamwinua.

Alikamatwa Nairobi, Pumwani, mwezi wa Aprili 1954. Alikuwa akiuza mkaa. Alfajiri ya tarehe 24 jeshi na polisi waliuzingira mji mzima katika ile operesheni waliyoiita Anvil, wakaanza kuwachuja Wakikuyu, Waembu na Wameru mtaa kwa mtaa. Watu zaidi ya 20,000 waliwekwa kizuizini. Fundi alipitishwa mbele ya mtu aliyefunikwa gunia kutoka kichwani, lina matundu mawili ya macho tu. Waliwaita gakunia. Gunia likitikisa kichwa, umekwisha. Lilitikisa. Hakujua mpaka anakufa ni nani aliyekuwa ndani yake.

Walipelekwa kwa garimoshi mpaka Mackinnon Road, katika nyika ya Taru, karibu kilomita 90 kutoka hapa Mombasa. Kambi hiyo haikujengwa kwa ajili yao. Mwaka wa 1947 Waingereza walianza kujenga pale ghala kubwa la jeshi, wakaliacha. Imajensi, yaani ile hali ya hatari waliyoitangaza dhidi ya Mau Mau, ilipowaletea watu wengi kuliko magereza, wakayakumbuka yale mabanda, wakayazungushia seng'enge. Wengine walipelekwa Langata, wengine Manyani, huko mbele kabla hujafika Mtito Andei. Hapakuwa na kesi wala hakimu. Mtu alipangwa kwa rangi kama nguo za kufua: mweupe, wa kijivu, mweusi, kulingana na jinsi wachujaji walivyoamua kwamba amekula kiapo cha Mau Mau au amekana. Manyani mwaka huo huo iliingia homa ya matumbo, ikaua. Fundi alihamishiwa huko, na kati ya yote aliyonisimulia, la maji ndilo lililokuwa likimtetemesha: mtungi mmoja, watu wengi, jua la Taru, na mlinzi anayeumwaga mchangani huku wanatazama.

Alipotoka baada ya miaka minne, shamba la baba yake halikuwapo tena. Ardhi ya kwao ilikuwa imeunganishwa na kugawanywa upya wakati yeye yuko ndani ya seng'enge, na aliyekuwa kizuizini hakuwa na wa kumsemea. Akapanda garimoshi lile lile, akaipita Mackinnon Road usiku, akaja Mombasa. Nilimwuliza kwa nini Mombasa. Akasema, "Hapa hakuna aliyeniuliza chochote."

Sasa nirudi kwenye kile kifungu cha Geneva. Serikali ya kikoloni haikuwahi kuwakubali watu hawa kuwa mateka wa vita. Iliwaita wahalifu, kisha haikuwapeleka mahakamani kama wahalifu. Mikataba mipya ya Geneva ya 1949, ile inayowalinda hata watu wa vita vya ndani ya nchi, Uingereza iliitia sahihi lakini haikuiidhinisha mpaka 1957, wakati kambi zilikuwa zimekwisha fanya kazi yake. Basi Fundi hakuwa mateka wala mshtakiwa. Hakuna sheria iliyodai jina lake liandikwe popote akifa. Mwanajeshi aliyetoka Roma na bunduki ana kijumba chake cha mawe, na muuza mkaa wa Pumwani aliyekamatwa na mizani mkononi hana hata kibao cha mbao. Kazi nao walifanya. Uwanja wa ndege wa Embakasi ulijengwa kwa mikono ya mahabusi wa imajensi, lakini hakuna kikanisa pale cha kusimamisha magari.

Na tarehe, Mheshimiwa. Duke alikufa tarehe 3 Machi. Tarehe 3 Machi ya mwaka wa 1959, hapa hapa pwani yetu, Hola, kando ya Mto Tana, wafungwa 11 walipigwa na walinzi mpaka wakafa kwa kukataa kufanya kazi ya shuruti. Serikali ikatangaza kwanza kwamba walikufa baada ya kunywa maji. Uchunguzi ukaonyesha ni kipigo. Bunge la London likatikisika, na kambi zikaanza kufungwa. Wale 11 tunawajua. Dunia ilishtuka, kwa hiyo majina yao yakaandikwa. Je, waliokufa kimya kimya, mmoja leo kwa homa ya matumbo, mwingine mwezi ujao kwa kifua?

Fundi aliwakumbuka wake. Mwaka wa 2008, baada ya zile ghasia za uchaguzi, alikuja kwangu jioni moja na daftari jipya na kalamu mbili za wino wa buluu. Alisema anaona watu wanakufa tena na majina yao hayaandikwi, na yeye mkono wake umeanza kutetemeka. Tukakaa kibarazani siku tisa, kila jioni baada ya yeye kufunga kazi. Yeye anasema, mimi naandika. Wengine alijua jina, jina la baba, kijiji, hata jina la kilima kilicho nyuma ya nyumba. Wengine alikuwa na jina la utani tu, na kitu kimoja cha kumtambulisha: huyu alikuwa na jino la fedha, huyu alijua kusoma akatufundisha, huyu aliimba. Jioni ya mwisho alinifanya nirudi mwanzo, nimsomee yote. Kwa majina saba aliniambia, "Hapo weka msalaba." Hao hawakutoka. Kisha akaomba daftari, akaligeuza nyuma, akaandika jina lake mwenyewe kwa mkono wake, herufi kubwa kubwa zinazopanda mlima. Ndilo la 41.

Alikufa mwaka wa 2010. Hakuishi kuiona siku ya tarehe 6 Juni 2013, serikali ya Uingereza iliposimama bungeni ikakiri mateso, ikasema inasikitika, ikakubali kulipa pauni milioni 19.9 kwa watu 5,228. Wala hakuona sanamu ya kumbukumbu iliyozinduliwa Uhuru Park mwaka wa 2015. Nilikwenda kuiangalia kwa niaba yake. Ni nzuri, nami nilishukuru. Lakini iko Nairobi, na Fundi alitaka watu wake watajwe pale walipofungiwa.

Baada ya mazishi nililipeleka daftari kwenye ofisi moja ya serikali, sitaitaja. Niliambiwa niache nakala. Nikaacha. Niliporudi baada ya miezi mitatu, nakala haikuonekana na aliyeipokea alikuwa amehamishwa. Nikapeleka nyingine. Mara ya tatu nikaambiwa hiyo ni kazi ya watu wa bara, Mombasa haihusiki. Nilitoka pale nikatembea mpaka Mwembe Tayari bila kujua nimevuka barabara ngapi.

Mombasa inahusika. Wote hawa walipita katika reli yetu, ile reli iliyoanzia hapa. Stesheni yetu ya zamani, mwisho wa barabara ya Haile Selassie, ilibaki bila abiria mwaka wa 2017 treni mpya ilipoanza kuondokea Miritini, lakini kuta zake bado zipo. Na Mackinnon Road kila mtu wa Mombasa anaijua. Hakuna dereva wa basi wa zamani asiyepaheshimu, kwa sababu ya msikiti uliojengwa kando kabisa ya reli, penye kaburi la Sayyid Baghali Shah. Alikuwa mfanyakazi wa reli aliyeletwa kutoka India, na wazee husimulia kwamba karai lake la kokoto lilikuwa likielea juu ya kichwa chake, halimgusi. Watu husimama pale, wakaomba, wakatia sadaka, wakaendelea na safari salama. Mimi mwenyewe nimesimama mara nyingi. Mfanyakazi mmoja wa reli, kaburi lake limetunzwa na wapita njia kwa zaidi ya miaka mia moja, bila amri ya serikali yoyote. Watu wetu wanajua kuheshimu kaburi wakionyeshwa liko wapi. Hawajaonyeshwa la kambi. Mwaka jana nilikuwa kwenye basi na mwanafunzi wa chuo kikuu, tukapita pale, nikamwonyesha upande ilipokuwa kambi. Alisema amepita njia hiyo tangu utotoni na hakuwahi kusikia.

Kule Nairobi, chini ya wale askari wa shaba wa vita vya 1914, imeandikwa kwa Kiingereza, Kiarabu na Kiswahili kwamba anayeipigania nchi yake, hata akifa, wanawe watalikumbuka jina lake. Hakuna hata jina moja lililoandikwa chini ya maneno hayo. Mombasa nayo ina askari wake wa shaba, barabara ya Jomo Kenyatta, na kila nikipita na wanafunzi wangu walikuwa wakiniuliza hawa ni kina nani. Nilishindwa kuwajibu. Sitaki kushindwa mara ya pili.

Ninachokuomba, Mheshimiwa, ni ukuta. Si lazima uwe wa marumaru. Ukuta wa mawe ya matumbawe, kama tunayojengea nyumba hapa, pale Mackinnon Road, karibu na barabara ili basi liweze kusimama, wenye majina ya waliofungwa na alama kwa waliokufa, kwa Kiswahili ambacho kila msafiri atakisoma. Baadaye Manyani nayo ipate wake. Manyani ingali gereza, na shirika la wanyamapori nalo lina chuo chake pale, kwa hiyo ulinzi na njia zipo. Pale Kilindini pawekwe kibao kimoja tu kinachosema kwamba hapa walishuka mateka wa Kiitaliano mwaka wa 1941, wakapanda garimoshi. Babu yangu angependa hivyo. Mtu akisoma kibao cha Kilindini asubuhi na ukuta wa Mackinnon Road mchana, ataelewa mengi bila mwalimu.

Najua swali litakalokuja: majina yatatoka wapi? Yapo. Mkoloni alikuwa mwandishi mzuri wa faili. Sehemu ya faili za imajensi iko Nairobi, katika Nyaraka za Taifa. Nyingine zilisafirishwa kwenda Uingereza kabla ya uhuru, zikafichwa Hanslope Park mpaka kesi ya wazee wa Mau Mau ilipozifichua mwaka wa 2011, na leo ziko Kew, London, wazi kwa msomaji. Tuma vijana wawili wenye kompyuta na subira. Kuna barua pia. Wafungwa wa kambi hizi waliandika barua nyingi za malalamiko, kwa magavana, kwa mawaziri, kwa wabunge wa London, zikapenyezwa nje kwa hatari kubwa. J. M. Kariuki, aliyekuja kuwa mbunge baada ya uhuru, alikuwa mmoja wa walioandika, na alipigwa kwa ajili hiyo. Barua yangu hii nimeiandika nikikaa kwenye kiti, karibu na feni, na hakuna atakayenipiga. Ndiyo maana sina udhuru wa kutoiandika.

Halafu kuna wazee wenyewe. Aliyekuwa na miaka 20 mwaka wa 1954 leo amepita 90. Kila mwezi ninaosubiri jibu la ofisi, mtu mmoja mahali fulani Murang'a, Embu au Meru anakwenda na majina yake arobaini kichwani. Walimu wa historia wa shule za huko wakiambiwa na wizara yako wachukue daftari na kalamu, wataifanya kazi hiyo kwa mwezi mmoja. Nawajua walimu. Hawahitaji posho kubwa, wanahitaji barua yenye muhuri ili chifu awafungulie mlango.

Yapo maneno mengine ninayoyasikia, kwamba mambo haya yakichimbuliwa yatafufua uhasama, kwa sababu waliovaa magunia walikuwa majirani, na watoto wao wako hai. Nayachukulia kwa uzito. Fundi pia aliyafikiria. Kati ya siku zile tisa hakutaja hata mlinzi mmoja kwa jina, ingawa aliwakumbuka wote. Nilipomwuliza, alisema daftari ni la wenzake. Na mimi naomba ukuta uwe wa wenzake.

Daftari lenyewe nalitunza vizuri. Nimelifunika kwa karatasi ya khaki kama tulivyowafundisha watoto kufunika vitabu, nikalitia kwenye mfuko wa plastiki kwa sababu ya unyevu wa pwani, ambao tayari umekula ukingo wa kurasa mbili za mwanzo. Majina manne ya ukurasa wa kwanza yameanza kufifia. Niliwahi kufikiria kuyapitia kwa kalamu mpya, nikaogopa nisije nikakosea herufi na Fundi hayupo wa kunisahihisha.

Naweza kulileta Nairobi kwa treni ya asubuhi siku yoyote utakayonitajia. Ninachoomba ni nilikabidhi mkononi mwa mtu atakayeniandikia stakabadhi yenye jina lake, na kwamba nikae naye saa moja, nimsomee yote 41 kwa sauti, ili ajue yanavyotamkwa.

Wako mtiifu,

Mwalimu mstaafu,
Changamwe, Mombasa